Ukingo wa Picha na Hukumu ya Mkasi

Hakuna msafiri wa barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma asiyeijua Dumila, maana hapo ndipo njia ya Kilosa inapoachana na njia kuu, hapo mabasi hupunguza mwendo hata yale yasiyo na abiria wa kushusha, na hapo wachuuzi, wake kwa waume, huyakimbilia madirisha wakiwa wameinua sado za nyanya, mafungu ya vitunguu na maembe ya msimu, ilhali kando ya barabara matenga yamepangwa safu kwa safu yakingoja mafuso ya kuyapeleka mjini. Ni mahali penye mambo mengi kwa wakati mmoja, na kwa sababu hiyo ni mahali pagumu kupiga picha. Abiria hutoa simu yake dirishani, hubonyeza mara moja, na jioni akiitazama picha aliyoipata hukuta ndani yake kila kitu ila kile kilichomfanya aitoe simu mfukoni.

Lawama si ya simu wala si ya mkono ulioishika. Jicho la mwanadamu lina hiari: likimwona mama aliyeinua sado, papo hapo huyasahau magurudumu, nyaya za umeme na mifuko iliyopeperushwa na upepo, likamshika yule mmoja, lakini lenzi haina hiari, hupokea vyote vilivyo mbele yake kwa usawa, vyenye maana na visivyo na maana. Ndiyo maana wapiga picha, tangu zama za vioo na filamu hata zama hizi za simu, wamelazimika kuitazama picha mara ya pili na kuamua ianzie wapi na ikomee wapi. Kazi hiyo ni kukata picha. Vijana wa studio huiita kukropu. Aghalabu hufundishwa kama sehemu ya mapambo, lakini kwa kweli ni hukumu, kwa kuwa mwenye kukata huamua nani abaki na nani atoke. Na kila hukumu, hata ikiwa nzuri machoni namna gani, haina budi kuwa ya haki.

Picha moja, maamuzi manne

Tuchukue mfano wa picha moja ya simu iliyopigwa Dumila kwa jua la alasiri, mpigaji akiwa amesimama karibu na basi. Upande wa kushoto, theluthi nzima imejazwa na ubavu wa basi. Juu ni mbingu nyeupe isiyo na wingu, imekatizwa na nyaya mbili. Chini ni lami tupu. Upande wa kulia umeingia mkono wa mchuuzi mwingine, umekomea kwenye kiwiko, wala mwenyewe hajulikani. Katikati ya hayo yote, mdogo kama aliyesahauliwa, yupo mama aliyeinua sado ya nyanya kwa mikono miwili, kidevu juu, macho dirishani, na dirishani umetokeza mkono wa abiria ulioshika noti.

Uamuzi wa kwanza ni wa unyoofu. Picha iliyopigwa kwa haraka huwa imeinama, na nguzo ya umeme iliyo nyuma ya mama huyo inaonekana kama itakayoanguka. Basi huzungushwa picha kidogo kidogo hata nguzo ikasimama wima. Kazi hii hutangulia nyingine zote, kwa sababu kila picha inapozungushwa hupoteza pembe zake, na mtu aliyekwisha kukata karibu na kichwa kabla ya kunyoosha hujikuta hana nafasi ya kunyooshea.

Uamuzi wa pili ni wa kiini. Jambo lenyewe liko wapi? Katika picha hii haliko usoni mwa mama wala haliko kwenye nyanya, bali liko katika ule umbali mdogo kati ya mkono unaotoa noti na mikono inayotoa sado, kwa kuwa ndani ya shibiri mbili hizo imo biashara nzima ya Dumila, pamoja na haraka yake na tumaini lake. Mtu ambaye hajalijibu swali hili asianze kukata, kwa maana jibu lake ndilo litakaloziongoza kingo zote nne. Likijibiwa, mbingu tupu hushushwa hata karibu na juu ya sado, ubavu wa basi hupunguzwa hata likabaki dirisha na sehemu ndogo ya bati la kulitambulisha, na lami hupandishwa.

Uamuzi wa tatu ni wa viungo na macho. Mwili wa mtu haukatwi kwenye maungio, yaani kwenye kifundo cha mguu, gotini, kiwikoni au kwenye kifundo cha mkono, kwa sababu hapo mtazamaji huona kama kiungo kimeng'olewa. Hukatwa katikati ya paja, au juu kidogo ya kiuno, au chini ya kifua, mahali ambapo akili huukamilisha mwili yenyewe bila taabu. Aidha, macho yanayotazama upande mmoja hupewa nafasi zaidi upande huo kuliko kisogoni, ili mtazamo wake uwe na pa kwenda. Na ule mkono wa mchuuzi wa kulia, ulioingia bila mwenyewe? Haufai kuachwa nusu: ama utoke wote, ama, kama picha ina upana wa kutosha, aingie mwenye mkono pia.

Uamuzi wa nne ndio mzito. Nyuma ya matenga, katika pembe ya juu, unaonekana mgongo wa milima ya Ukaguru, hafifu kwa umbali. Mkataji anayefuata uzuri peke yake atasema kwamba milima hiyo inavuta jicho mbali na mikono, naye atasema kweli. Lakini milima ikiondoka, picha huwa ya kituo chochote cha barabarani, na mama yule huwa mchuuzi wa mahali popote. Mkataji mwenye insafu huipunguza mbingu pole pole hadi inapogusa kilele, kisha akakomea hapo, ili mikono ibaki kiini na nchi ibaki shahidi. Mkulima wa nyanya wa Dumila huyatoa machipukizi ya kwapani ili nguvu ya mche iende kwenye matunda, lakini halikati shina linaloyabeba; na mwenye kukata picha naye apambanue hivyo hivyo kati ya kinachoshindana na jambo na kinacholibeba jambo.

Wengi hufundishwa kanuni ya theluthi, ya kuigawa picha mara tatu kwa upana na mara tatu kwa kimo, na kuliweka jambo kuu pale mistari inapokutana. Kanuni hiyo ni kongwe kuliko upigaji picha wenyewe, kwani mchoraji wa Uingereza, John Thomas Smith, aliiandika mwaka 1797 kwa ajili ya michoro ya mashamba na vijiji, miaka zaidi ya 40 kabla ya uvumbuzi wa Daguerre kutangazwa Paris mwaka 1839. Ni kanuni njema kwa anayeanza; lakini katika picha yetu mikono imekutana karibu na katikati, na hapo ndipo pake, wala si lazima isogezwe kwa kuitii hesabu.

Kuna hesabu nyingine isiyokubali kubishiwa. Simu yenye picha ya pikseli 4000 kwa 3000 inatoa pikseli milioni 12; ukikata nusu ya upana na nusu ya kimo hubaki na 2000 kwa 1500, yaani milioni 3, robo ya mali uliyokuwa nayo. Picha hiyo kwa uchapishaji mzuri wa nukta 300 kwa inchi itafika upana wa sentimita 17 hivi, na ukiipanua zaidi, nyanya zitaanza kuwa vijiraba. Kwa hiyo mkasi hauwezi kushika mahali pa miguu: anayeweza kusogea hatua tatu mbele kabla ya kubonyeza asitegemee kukata baadaye.

Mkasi wa tangu zamani

Asidhani mtu kwamba kukata kulikuja na simu. Kamera nyingi za studio za karne iliyopita zilitoa negativu za mraba, sentimita 6 kwa 6, ambazo karibu kila mara zilikatwa zilipofikishwa kwenye karatasi ya mstatili; na katika chumba cha giza mchapaji alikuwa akiipandisha na kuishusha mashine ya kukuzia hata kando zisizotakiwa zikatoka nje ya karatasi. Kwa picha zilizokwisha kuchapwa walitumia vipande viwili vya kadibodi vilivyokatwa kwa pembe mraba, wakavisogeza juu ya picha kuzitafuta kingo zilizo bora, kisha wakaziwekea alama kwa kalamu ya nta. Ndivyo kazi ilivyofanywa katika studio za mwambao, kama ile ya Capital Art iliyofunguliwa Unguja na Ranchhod Oza mwaka 1930, na ndivyo ilivyofanywa katika vyumba vya habari ambavyo Mohamed Amin, aliyeanzisha kampuni ya Camerapix mjini Dar es Salaam mwaka 1963, alivipelekea picha zake. Huko Lamu, Omar Said Bakor aliufanya mkasi kuwa chombo cha kuumbia, akikata sura za wateja na kuziunga na maua, vyombo na maumbo mengine, na hakuna aliyedanganyika, kwa kuwa kila mteja alijua kwamba alichokuja kukinunua ni ndoto iliyopambwa.

Mkasi uliwahi kuizaa picha mashuhuri kuliko nyingi duniani. Tarehe 5 Machi 1960, mjini Havana, Alberto Korda alimpiga picha Che Guevara katika hadhara ya maombolezo. Negativu yake ilikuwa ya kulala, upande mmoja ukiwa na uso wa mtu mwingine na upande wa pili ukiwa na majani ya mnazi. Korda aliviondoa vyote viwili, ikabaki sura moja na kofia yenye nyota, ambayo leo imo katika fulana na vibao vya bajaji hata katika miji yetu.

Walikuwapo pia waliouchukia mkasi. Henri Cartier-Bresson, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1908, alikataza picha zake zisikatwe, akaamini kwamba mpangilio hukamilika ndani ya kamera au haukamiliki kamwe. Mtu huyo alisema kwamba picha iliyompa ari ya kazi ni ya Martin Munkácsi, ya wavulana watatu wa Kiafrika wakikimbilia majini, picha ambayo kwa miaka mingi imeandikwa kuwa ya Ziwa Tanganyika, ingawa wapo wanaosema ni ya Liberia. Hata hivyo, yeye mwenyewe alilazimika kuikata picha yake maarufu ya mwaka 1932, ya mtu anayeruka dimbwi nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare, kwa sababu aliipiga kupitia mwanya wa ua na mbao zikaziba sehemu ya lenzi. Kumbe hata mwenye kukataza hukuta siku ya dharura. Na kukata kwake kulikuwa kwa halali, kwani mbao hazikuwa na neno la kusema.

Wenye neno la kusema

Taabu huanza pale kilichokatwa kina neno la kusema. Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, ilikuwapo studio iliyopiga picha za vitambulisho kwa njia ya gharama nafuu: badala ya kutumia mashine iliyotoa nakala nne ambazo wateja wengi hawakuzihitaji, ilimpiga mteja picha moja kamili, kisha uso ukatolewa kwa kipande cha mstatili, na mabaki yakaachwa. Martina Bacigalupo, mpiga picha wa Kiitalia, aliyaona mabaki hayo, akayakusanya, na mwaka 2013 yakatoka katika kitabu kilichochukua jina la studio hiyo, Gulu Real Art Studio. Ni picha za watu walioketi kwenye kiti wakiwa na shimo jeupe mahali pa uso; lakini nguo zao, namna mikono ilivyotulia mapajani, mtoto aliyeshikwa magotini na koti lililoazimwa likapwaya mabegani, vyote vilieleza habari za watu waliopita katika vita na umaskini, habari ambazo ofisi iliyotaka uso haikuwa na haja nazo. Sehemu iliyodhaniwa haina kazi ilikuwa imehifadhi maisha.

Kisha Januari 2020 likatokea tukio ambalo kila mhariri wa Afrika Mashariki anapaswa kulijua kama anavyojua jina lake. Vanessa Nakate, mwanaharakati wa tabianchi kutoka Kampala, alikuwa Davos, Uswisi, pamoja na vijana wenzake wanne kutoka Ulaya, miongoni mwao Greta Thunberg. Walisimama pamoja wakapigwa picha. Na picha hiyo ilipotolewa na shirika la habari la Associated Press, walibaki wanne, ilhali Nakate, Mwafrika peke yake kati yao, aliyekuwa amesimama mwishoni upande wa kushoto, hayumo. Shirika lilieleza kwamba mpiga picha alikuwa na haraka, naye alikata kwa sababu ya mpangilio tu, akiliona jengo lililokuwa nyuma ya Nakate linaivuruga picha. Nakate akajibu kwamba kilichofutwa si picha tu bali bara zima. Picha nzima ikatolewa, na mhariri mkuu wa shirika, Sally Buzbee, akaomba radhi.

Nimelisoma elezo lile mara nyingi, nami nalichukua kuwa la kweli. Na ukweli wake ndio unaonitia hofu. Lingalikuwa ni la chuki, lingalituhusu wachache, maana wachache wetu hukata picha kwa chuki. Lakini ni elezo la uzuri, la jengo linalokera jicho, la kingo zinazotaka kusafishwa, na hilo ni elezo la kila mmoja wetu kila siku. Mpiga picha yule alifuata kanuni zile zile nilizozitaja kwa mama wa Dumila: alitafuta kiini, akaondoa kilichoshindana nacho. Alichokosa ni swali la nne, lile la milima: je, hiki ninachokiondoa kinalibeba jambo? Katika picha ya vijana wanaotetea tabianchi ya dunia nzima, mtu aliyetoka katika bara linalopata ukame na mafuriko alikuwa analibeba jambo kuliko jengo lolote lilivyoweza kulivuruga.

Daraja la Mkundi

Watu wa Dumila hawahitaji kwenda Davos kulielewa hilo. Januari 2014 mto Mkundi ulifurika, ukaharibu daraja na kuikata barabara kuu, maji yakaingia katika nyumba na mashamba ya Magole na Dumila, na John Magufuli, aliyekuwa Waziri wa Ujenzi wakati huo, akafika kusimamia kazi ya kuirudisha njia. Fikiri juu ya mpiga picha aliyesimama ukingoni mwa mto siku zile. Akikata picha yake akabakiza lami iliyomeguka na maji ya tope, amepata picha kali inayofaa ukurasa wa kwanza, na msomaji wa mbali atasema kwamba tatizo ni la magari yaliyokwama. Akiziacha pembeni familia zilizobeba magodoro kichwani, picha hulegea kidogo kwa mpangilio, lakini msomaji huyo huyo sasa anajua kwamba maji yalipita nyumbani kwa watu kabla ya kufika darajani. Daraja hurudi, swali la nani alilipwa shamba lake na nani alisahauliwa hudumu muda mrefu zaidi, na picha ni mojawapo ya mashahidi wake.

Hali ni hiyo hiyo kwa picha ya Aprili 1964 ambayo kila mwanafunzi wa Tanzania ameiona, ya Mwalimu Nyerere akichanganya udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar. Ikibanwa hata akabaki Mwalimu na chombo, ni picha ya kiongozi; wakiachwa watu waliomzunguka na vyombo vyao, ni picha ya muungano wa watu. Zote mbili ni nzuri, lakini hazisemi neno moja.

Amana ya mwenye kukata

Kwa hiyo naweka mbele ya wasomaji, na hasa vijana wa studio na stesheneri za Dumila, Kilosa na Morogoro ambao kwa siku hukata picha nyingi kuliko wahariri wa magazeti, kanuni chache zinazotekelezeka. Ya kwanza, picha ya asili isifutwe kamwe. Ikatwe nakala, na ya asili itunzwe pamoja na tarehe na jina la mahali, kwa maana ukingo unaoonekana takataka leo huenda ukawa ndiyo picha pekee ya mti, nyumba au mtu miaka 30 ijayo. Ya pili, vitu visivyo na neno, kama mbingu tupu, lami, waya na kidole kilichoingia mbele ya lenzi, vikatwe bila huruma, kwa kuwa picha iliyojaa vitu hivyo humnyima heshima mtu aliyepigwa. Ya tatu, kila anapotolewa mtu, mkataji asimame na kujiuliza kama msomaji atakayeiona picha iliyobaki ataelewa jambo lile lile lililotokea. Akiona kwamba ataelewa jingine, amrudishe mtu huyo, hata kama mpangilio utapungua uzuri. Ya nne, picha ya habari ikikatwa akatoka mtu aliyekuwa sehemu ya tukio, maelezo yaliyo chini yake yamtaje.

Na kama kanuni nne ni nyingi kwa mtu mwenye haraka, basi ipo moja inayozikusanya zote, nayo haihitaji kamera wala elimu kubwa. Kabla ya kuipeleka picha kokote, chukua kile kipande ulichokikata, ufikiri kwamba unakiweka mezani mbele ya watu waliomo ndani yake, umweleze kila mmoja sababu ya kumtoa. Ikiwa unaweza kusema sababu hiyo kwa sauti na wao wakaikubali, umekata vizuri. Ikiwa ulimi wako unasita, panua kingo.